Mgeni Asipokuja

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na maana yake haina ugumu: mgeni anapofika mwenyeji naye hupata nafuu, kwa kuwa kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni huliwa na nyumba nzima. Ni methali ya ukarimu na ya furaha. Lakini ndani yake limo swali ambalo methali yenyewe hailijibu. Ikiwa mwenyeji hupona mgeni anapokuja, je, mgeni asipokuja? Na ikiwa nyumba imezoea kula vizuri siku za mgeni tu, ni nani ndani ya nyumba hiyo atakayekuwa wa kwanza kulala na njaa?

Swali hili si la nyumba moja. Ni swali la nchi, na kwetu Afrika Mashariki lilijitokeza waziwazi kule Zanzibar mwaka 2020. Visiwa vya Unguja na Pemba, ambavyo sensa ya mwaka 2022 ilivikuta vina watu karibu milioni 1.9, vimeyajenga maisha yake ya siku hizi juu ya utalii. Kabla ya ugonjwa wa korona ilikuwa ikielezwa kwamba utalii unachangia zaidi ya robo ya pato lote la Zanzibar, na kama asilimia 80 ya fedha zake za kigeni. Katika kurasa hizi chache nataka tulitazame jambo hilo, si kwa macho ya mchumi, kwa kuwa mimi si mchumi, bali kwa macho ya mtu anayejiuliza lipi ni la haki.

Huenda msomaji akauliza, mzee wa Buger, huku juu Karatu, tulikojirani na msitu wa Marang na tunakolima mahindi, maharage na mbaazi, ana habari gani na visiwa? Anazo. Mji wetu wa Karatu uko kwenye barabara iendayo Ngorongoro, na tangu barabara hiyo ilipowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, hoteli na kambi za watalii zimeongezeka mwaka hadi mwaka. Vijana wetu ni madereva, wapishi, walinzi na waongoza watalii. Mboga, mayai na maziwa ya vijiji vyetu huingia katika majiko ya hoteli hizo. Tena mtalii mmoja aghalabu huanza na wanyama wa Ngorongoro na Serengeti, kisha akamalizia mapumziko yake katika fukwe za Unguja. Kwa hiyo sisi na Wazanzibari tunakula katika sahani moja, ijapokuwa kati yetu kuna safari ndefu ya nchi kavu na bahari.

Tukumbushane yaliyotokea. Machi 11, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia. Siku tano baadaye, Machi 16, mgonjwa wa kwanza nchini mwetu alitangazwa, naye alikuwa Arusha. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuanza kuzuia ndege kutoka Italia, nchi iliyokuwa ikiiletea wageni wengi. Aprili 12 ndege zote za abiria za kimataifa zikasimamishwa nchini. Ziliruhusiwa tena Mei 18, na Zanzibar ikafungua milango yake mwanzoni mwa Juni. Ukihesabu kwa kalenda, ni majuma machache tu. Lakini kufungua mlango si kumleta mgeni. Wageni wenyewe walikuwa wamefungiwa kwao. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 ikapokea kama 260,000, na hao ni pamoja na wale waliofika kabla ya janga. Kwa Tanzania nzima idadi ilishuka kutoka wageni milioni 1.5 hadi kama 620,000.

Tarakimu hizi zinatuambia kwamba wageni walipungua kwa nusu na zaidi. Hazituambii nani alipungukiwa. Kwa hilo yatupasa kuifuata fedha ya mtalii tangu inapotoka mfukoni mwake.

Mtu wa Milano au wa Warsaw anayekwenda Unguja mara nyingi hulipa safari yake huko huko kwao, kwa kampuni ya kwao: ndege, chumba na chakula kwa pamoja. Kampuni hiyo hukata fungu lake, kisha huilipa hoteli, pengine baada ya mgeni kuondoka. Hoteli hulipa mkopo wa benki, hulipa kodi, hulipa umeme, hulipa mishahara. Mhudumu akipata mshahara wake hutuma nyumbani, hununua samaki, hulipa kodi ya chumba, humpa fundi cherehani sare ya mtoto ashone. Mvuvi wa pweza, muuza mchicha, dereva wa teksi, mchonga vinyago, mama anayepika uji karibu na lango la wafanyakazi, wote hao wako kwenye mnyororo huo huo. Wakati wa neema fedha hushuka kutoka juu kwenda chini, ikipungua katika kila kituo. Wakati wa dhiki kinachoshuka ni hasara, nayo ina tabia tofauti. Hasara haipungui njiani. Kila kituo huisukumia kituo kilicho chini yake, hata imfikie yule ambaye chini yake hakuna mtu wa kumsukumia.

Mmoja wa vijana niliowafundisha shule ya msingi alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya kaskazini ya Unguja. Mwezi wa Aprili mwaka ule alirudi Buger na begi moja. Hakuwa amefukuzwa. Aliambiwa aende likizo bila malipo mpaka hali itakapotengemaa. Maneno hayo ni laini, lakini yapime vizuri. Aliyefukuzwa anajua kwamba hana kazi, akatafute nyingine, na kama ana haki zake azidai. Huyu aliachiwa kazi isiyokuwa na mshahara. Nilimuuliza mkataba wake ulisemaje juu ya siku kama zile. Akanijibu, "Mwalimu, mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu. Ule wa mwisho ulikuwa umebakiza siku tisa." Alikuwa amefanya kazi pale miaka sita, kwa miezi mitatu mitatu.

Baba yake alimkatia kipande cha shamba, akapanda maharage pamoja na mvua za masika. Hakufurahi, lakini alikula. Wenzake aliowaacha kisiwani, alivyonisimulia, hawakuwa na shamba la kurudia. Wengine waliingia baharini kuvua, na baadhi ya akina mama wakarudi kwenye mwani, zao ambalo wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja wamelilima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa bei ndogo isiyolingana na jasho lao. Kijana yule hakuwa akilalamika aliponieleza hayo. Alikuwa akinieleza kama mtu anayesimulia hali ya hewa, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Mvua isiponyesha hatumlaumu mtu. Lakini je, mkataba wa miezi mitatu kwa miaka sita nao ni hali ya hewa?

Kabla sijajibu, yafaa tuone kwamba visiwa hivi havikuonja mambo haya kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Katika karne ya 19, chini ya Seyyid Said na waliomfuata, Zanzibar ilijifunga kwenye karafuu. Mashamba yalilimwa kwa nguvu za watumwa, na utajiri ukaenda kwa wachache. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kung'oa mikarafuu kwa wingi mno. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Miaka mia moja baadaye zao lilikuwa bado ndilo mhimili, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huchanganya karafuu katika sigara. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake yenyewe ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Mkulima wa Pemba hakufanya kosa lolote. Aliamka asubuhi akakuta kazi ya mikono yake imepoteza thamani kwa uamuzi uliofanyika ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Ndipo utalii ukashikwa kwa mikono miwili. Siwezi kuwalaumu viongozi wa wakati ule; mtu anayezama hashiki ubao kwa kuuchagua. Lakini wahenga walionya pia, "Usiache mbachao kwa msala upitao," na msala huu wa utalii umedhihirisha mara nyingi kwamba ni wa kupita. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kama miezi mitatu bila umeme kutoka bara, kwa sababu ya hitilafu katika njia moja inayopita chini ya bahari. Hoteli kubwa ziliwasha jenereta. Mwenye nyumba ndogo ya wageni na muuza samaki mwenye friji moja walipata hasara. Visiwa vingine vya bahari yetu vina hadithi zinazofanana na hizi. Maldives ilipigwa na tsunami Desemba 26, 2004, na hoteli zake nyingi zilikuwa kwenye visiwa vidogo visivyo na kilima cha kukimbilia. Shelisheli, nchi ya utalii na samaki, ilishindwa kulipa madeni yake ya nje mwaka 2008. Sababu hutofautiana, lakini kila mara nchi ndogo hujikuta imesimama juu ya mguu mmoja.

Dawa inayotajwa haraka ni kuongeza miguu: tuwe na utalii, na karafuu, na mwani, na uvuvi wa bahari kuu, na viwanda. Ni dawa nzuri, nami naiunga mkono. Ila nasema haitoshi, na sababu yangu ni hii. Zanzibar ilikwisha badili mguu mara moja, ikatoka karafuu ikaenda utalii, na yule aliyeumia wakati wa karafuu ana mjukuu aliyeumia wakati wa utalii. Zao lilibadilika, lakini mahali pa mnyonge katika mnyororo hapakubadilika. Ukiongeza mazao matano, na katika kila moja mnyonge akabaki pale pale chini, utakuwa umempunguzia idadi ya misiba, lakini hujamwondoa katika njia ya msiba.

Wapo pia wanaosema kwamba kutegemea wageni ni aibu yenyewe, na kwamba nchi yenye heshima ijilishe. Hoja hii naijua vizuri, maana nimelelewa nayo. Nilikuwa kijana Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, na nilipoingia chuo cha ualimu waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea ndio uliokuwa dira yetu. Tulilima shamba la chuo, tukafuga, tukajenga. Azimio lilitufundisha kwamba kuutegemea msaada na mitaji ya nje ni kuuhatarisha uhuru wetu, na naamini hilo hata leo. Lakini kujitegemea hakujawahi kuwa na maana ya kujifungia. Kisiwa chenye ardhi ndogo hakiwezi kulima kila kitu. Wali wa mapembe unaoliwa katika nyumba nyingi za Unguja ni mchele uliovuka bahari, na lazima pawepo na kitu cha kuulipia. Zanzibar iliishi kwa kuwapokea wageni wa majahazi ya kaskazi na kusi kwa karne nyingi kabla mtalii wa kwanza hajavua viatu ufukweni. Kumwambia Mzanzibari aache kuwatazamia watu wa ng'ambo ni kumwambia aache kuwa mtu wa pwani.

Na sisi wakulima tusijione tumesalimika kwa kuwa tuna mashamba. Agosti 2017 Serikali ya India, ambayo ndiyo mnunuzi mkuu wa mbaazi, iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake ili kuwalinda wakulima wake. Waliolima mbaazi huku kwetu wanakumbuka. Bei iliporomoka hata wengine wakaona kwamba fedha ya kuvunia na kusafirishia ni kubwa kuliko watakayoipata sokoni. Hatukuwa na mtalii hata mmoja katika jambo lile. Tulikuwa na jembe, udongo wetu na mvua yetu, na bado tulikuwa tunategemea sahani ya mtu wa Mumbai. Kwa hiyo kila mtu hutegemea. Swali la haki haliwezi kuwa kama tunategemea au hatutegemei, kwa kuwa asiyetegemea hayupo.

Hapa naomba msomaji anivumilie nirudi kwenye kazi yangu ya ualimu. Lugha yetu ina kitenzi kutegemea, na ukikitia katika kauli ya kutendana unapata kutegemeana. Ni silabi moja tu imeongezeka, lakini maana imehama. Anayetegemea anamwegemea mwingine. Yule mwingine akisogea, huyu anaanguka. Wanaotegemeana wameegemeana mgongo kwa mgongo. Mmoja akisogea, mwingine anahisi, na wote wawili wana sababu ya kutosogea ovyo. Kwa nje, wakati wa neema, hali hizi mbili hazitofautiani. Mhudumu anatabasamu, mwenye hoteli anatabasamu, mgeni anapigwa picha. Dhiki ndiyo inayotuonyesha ni ipi kati ya hizo mbili tuliyokuwa nayo.

Wazee wetu wa Kiiraqw waliijua tofauti hii bila kuandika kitabu. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Aliwagawa kwa rafiki na jamaa wa mahali mbalimbali, na aliyepewa kutunza alikunywa maziwa na akatumia samadi shambani. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja haukuwamaliza wote. Wengine husema huo ulikuwa ujanja tu wa mwenye mali kujikinga. Sawa, alijikinga. Lakini hakuweza kujikinga bila kumkinga maskini aliyempa ng'ombe, kwa kuwa usalama wa mali yake ulikuwa ndani ya zizi la mwenzake. Mpango ule ulimfanya tajiri amhitaji maskini siku ya tauni ya mifugo, si siku ya maziwa tu.

Sasa turudi kwenye hoteli. Najua atakachosema mwenye hoteli, na ni haki asikilizwe. Atasema: "Sikuileta korona. Vyumba vilikuwa vitupu, benki ilikuwa inadai, ningelipa mishahara kwa fedha gani?" Anasema kweli. Mwezi wa Aprili 2020 pengine hakuwa na fedha, na huwezi kumkamua mtu asiyekuwa na kitu. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunamalizia hapo, tunasema lilikuwa janga, hakuna wa kulaumiwa. Mimi naona tunamaliza mapema mno. Janga halikuwa na mwenyewe, lakini mgawanyo wa hasara ulikuwa na wenyewe, na haukuamuliwa Aprili 2020. Uliamuliwa miaka iliyotangulia, katika miezi ya Julai na Agosti vyumba vilipojaa: pale mkataba ulipoandikwa wa miezi mitatu ili mtu asijenge haki, pale faida ilipogawanywa yote bila kutenga chochote, pale kodi ilipokusanywa na ghala la dharura likaachwa tupu. Haki ya siku ya njaa huamuliwa siku ya shibe. Anayeitafuta siku ya njaa amechelewa.

Kisa cha Yusufu huko Misri wanakijua Waislamu na Wakristo. Miaka saba ya neema, miaka saba ya njaa, na nafaka ikawekwa ghalani. Tunakisimulia kama somo la akiba, nacho ni somo la akiba kweli. Lakini mwenye kuisoma Biblia, katika Kitabu cha Mwanzo, aendelee mbele kidogo. Njaa ilipokuja watu walikwenda kununua nafaka kwenye ghala la Farao. Walitoa fedha zao zikaisha, wakatoa mifugo, mwisho wakatoa mashamba yao na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Hawakufa kwa njaa, ni kweli. Ila nafaka ile ilikuwa imelimwa nao. Basi haitoshi kuuliza kama nchi ina akiba. Yapasa tuulize pia ghala ni la nani, na ufunguo anao nani siku mlango unapogongwa.

Sitaki kuonekana kwamba nazungumzia jambo lisilowezekana. Zanzibar yenyewe imekwisha onyesha kwamba linawezekana. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au mkulima au mama wa nyumbani. Ilikuwa fedha ndogo, na kwa mzee wa umri wangu haikufika mbali. Lakini tazama asili yake. Mzee yule haulizwi mikataba yake ilikuwa ya miezi mingapi. Fedha haimjii kwa sababu mtalii alikuja kwenye kijiji chake. Inamjia kwa sababu yeye ni mtu wa nchi ile na nchi ile inakubali kwamba inamtegemea kama yeye anavyoitegemea. Huo ni mwanzo wa kutegemeana, umeandikwa katika bajeti.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2022. Februari 24 Urusi ilipoivamia Ukraine, mamia ya watalii wa Ukraine walikuwa Zanzibar. Anga la kwao likafungwa, siku zao za hoteli zikaisha, na wengine fedha zikawaishia. Kwa hesabu za biashara walikuwa wamekwisha kuwa mzigo. Serikali ilizungumza na wenye hoteli ili wapate mahali pa kulala, nao wakasitiriwa mpaka njia ya kuondoka ilipopatikana. Nakipenda kisa hiki, maana kinaonyesha kwamba hoteli zetu zinajua kumhifadhi mtu asiyelipa pale zinapomwona ni mgeni wa nyumba. Ninachouliza ni kidogo tu. Ikiwa mgeni aliyekaa siku kumi anastahili kusitiriwa dhiki inapomkuta, mwenyeji aliyefagia chumba chake miaka sita anastahili nini?

Nadhani anastahili mambo ya kawaida, yasiyohitaji hotuba. Anastahili mkataba unaohesabu miaka yake. Anastahili mfuko unaochangiwa na hoteli, na yeye mwenyewe, na mgeni pia kwa kiasi kidogo katika kila usiku anaolala, mfuko ambao ufunguo wake hauko mfukoni mwa mtu mmoja. Mkulima wa mchicha na mvuvi wa pweza wanastahili hoteli inayonunua kwao kwa makubaliano ya msimu, si kwa kupita tu barabarani. Na kijana anayefundishwa kazi ya hoteli anastahili kufundishwa pia kazi ya pili, ili asimwegemee mtu mmoja tu. Gharama ya hayo itapunguza faida ya miaka mizuri. Hilo silifichi. Naona ni bei halali ya kuwa na watu wanaokutegemea, kama vile samadi na maziwa vilivyokuwa bei halali ya kumtunzia mtu ng'ombe wake.

Wageni wamerudi, tena kwa wingi. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea zaidi ya 638,000, na mwaka 2024 zaidi ya 736,000; Tanzania nzima ilivuka milioni mbili mwaka huo. Magari ya watalii yanapita Karatu yakiwa yamefuatana, na kijana wangu yule yuko kazini tena, safari hii katika hoteli ya hapa hapa Karatu, karibu na shamba la baba yake. Nafurahi pamoja nao wote. Mgeni akija, mwenyeji na apone.

Ila naogopa takwimu zinazopanda, kwa sababu zinatusahaulisha. Kila mwaka tunatangaziwa wageni wangapi wamekuja, na ni haki tutangaziwe. Ningependa katika mkutano ule ule, kabla watu hawajapiga makofi, mtu mmoja asimame na kuuliza swali la pili: wasipokuja mwakani, hasara itamfikia nani kwanza, na yeye tumemwekea nini? Mwenye kulijibu swali hilo kwa jina la kijiji, kwa idadi ya watu na kwa kiasi cha fedha kilichotengwa, huyo ndiye kiongozi ninayeweza kumwamini na nyumba yangu. Asiyeweza kulijibu, hata kama hoteli zake zimejaa, bado anatuongoza kwa kuomba dua ya hali ya hewa.